Kalenda Ileile, Mzigo Mwingine

Tarehe 18 Novemba 2022, Pokémon Scarlet na Pokémon Violet ziliingia madukani dunia nzima kwa siku moja. Siku tatu baadaye nakala milioni 10 zilikuwa zimeshanunuliwa, mwanzo ambao Nintendo haikuwahi kuupata kwa gemu yoyote kwenye mashine yake yoyote. Wiki mbili zilipopita, kampuni hiyohiyo ikatoa sasisho, na katika maelezo yake ikawaomba radhi wachezaji kwa matatizo waliyokutana nayo. Rekodi ya mauzo na ombi la radhi, vyote ndani ya nusu mwezi.

Mashabiki wengi wanakikumbuka kinu cha upepo cha Artazon, mji ulio ndani ya gemu hizo. Ukikitazama kwa mbali mapanga yake yalikuwa hayazunguki, yalikuwa yanaruka: mara yako juu, mara yako kando, mara yako chini, kama mtu anayefunua albamu ya picha ukurasa kwa ukurasa. Darasani, wanafunzi wa viti vya nyuma walitikisa vichwa kwa mikatiko ileile. Video za wahusika waliotumbukia chini ya ardhi zilizagaa mitandaoni. Na gemu yenyewe, hapa ndipo penye uchungu, ni nzuri. Hadithi ya Arven anayezunguka nchi nzima kutafuta dawa ya mbwa wake mgonjwa ni miongoni mwa hadithi zenye utu kuliko zote katika mfululizo huu. Uwanda ni mpana, na mchezaji anachagua mwenyewe pa kuanzia. Chakula kilikuwa kitamu; kilipakuliwa kabla hakijaiva.

Tangu siku ile swali moja limekuwa halikauki midomoni mwa wanaoipenda Pokémon: je, mfululizo huu ubadili utaratibu wake wa kutoa gemu? Jibu langu ni ndiyo. Lakini naona wengi wanaolijibu swali hili wanaonyesha kidole mahali pasipo na ugonjwa, kwa hiyo inafaa tuanze na hesabu ya miaka.

Lawama inayosikika sana ni kwamba Pokémon zamani zilitoka taratibu na siku hizi zinafyatuliwa kama matofali. Kalenda ya Japani inasema vingine. Kizazi cha kwanza, Red na Green, kilitoka Februari 1996. Gold na Silver, Novemba 1999. Ruby na Sapphire, Novemba 2002. Diamond na Pearl, Septemba 2006. Black na White, Septemba 2010. X na Y, Oktoba 2013. Sun na Moon, Novemba 2016. Sword na Shield, Novemba 2019. Scarlet na Violet, Novemba 2022. Ukitoa mwaka kwa mwaka unapata pengo la miaka mitatu, mitatu, minne, minne, kisha mitatu mara nne mfululizo. Kizazi kipya hakijaanza kuja haraka kuliko zamani. Kimekuja kwa hatua ileile tangu Game Boy.

Kilichobadilika ni mzigo. Red na Blue zilizouzwa Marekani mwaka 1998 zilikaa ndani ya kaseti ya megabaiti moja. Kila kiumbe kati ya 151 kilihitaji mchoro mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, miraba midogo yenye rangi nne za kijivu, na sauti moja fupi ya kukwaruza. Scarlet na Violet zilitoka na takriban gigabaiti 7. Kiumbe hakina tena mbele na nyuma. Kina mwili mzima unaotazamwa kutoka kila upande, kinakimbia, kinalala, kinaogelea, kinapigana, kinapiga chafya, kinamfuata mwenye nacho barabarani. Na viumbe wenyewe sasa wamepita 1,000. Mchukuzi aliyekuwa akibeba kiroba cha kilo tano toka Kariakoo hadi Magomeni sasa anabeba magunia matatu, njia ni ileile, na tunamtaka afike kwa dakika zilezile. Akifika anatweta tunamshangaa.

Tena katikati ya vizazi hapajawahi kuachwa wazi. Zamani palikuwa na toleo la tatu: Yellow mwaka 1998, Crystal 2000, Emerald 2004, Platinum 2008. Hayo yalikuwa marekebisho ya gemu iliyokwisha kujengwa, kazi ya kupaka rangi na kuongeza vyumba. Tazama sasa orodha ya miaka ya karibuni. Mwaka 2016 Sun na Moon. 2017 Ultra Sun na Ultra Moon. 2018 Let's Go. 2019 Sword na Shield. 2020 nyongeza mbili za Sword na Shield. Novemba 2021 Brilliant Diamond na Shining Pearl. Januari 2022 Legends: Arceus. Novemba 2022 Scarlet na Violet. 2023 nyongeza mbili tena. Miaka minane bila kupumua. Kati ya Novemba 2021 na Novemba 2022 peke yake, ndani ya miezi 12, madukani ziliingia gemu kubwa za safu tatu tofauti. Game Freak, kampuni inayobuni karibu zote, ina wafanyakazi wapatao 200 tu. Studio nyingi zinazotengeneza gemu za uwanda mpana zina watu mara kadhaa ya hapo.

Kwa nini basi hawapumui? Ili kulielewa hilo lazima turudi kwa mtoto mmoja wa pembezoni mwa Tokyo aliyependa wadudu.

Satoshi Tajiri alikulia Machida, akiokota wadudu kwenye mabwawa na mashamba ambayo baadaye yalimezwa na majumba. Mwaka 1983 alianza kijarida cha kutengeneza kwa mkono kuhusu gemu, akakiita Game Freak. Ken Sugimori akajiunga naye kukichorea. Mwaka 1989 kijarida kikawa kampuni. Alipouona waya wa kuunganisha Game Boy mbili, Tajiri hakuona vita vya watu wawili kama wengine walivyoona. Aliona wadudu wakitambaa ndani ya waya kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Kulifikisha wazo hilo dukani kulichukua miaka sita, kuanzia 1990, na njiani kampuni ilinusurika kufilisika. Hakuna aliyekuwa akiwasubiri. Hapakuwa na katuni, wala kadi, wala mwanasesere wa Pikachu. Gemu ilitoka ilipokuwa tayari kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na haraka nayo.

Baada ya hapo watoto walizaliwa. Kadi za kuchezea zilianza Japani Oktoba 1996. Katuni ya televisheni ilianza tarehe 1 Aprili 1997. Zikafuata filamu, nguo, mabegi ya shule, maduka maalumu. Mwaka 1998 Nintendo, Creatures na Game Freak zilianzisha kampuni ya pamoja ya kusimamia mali hii yote, ndiyo inayoitwa The Pokémon Company, chini ya Tsunekazu Ishihara. Kizazi kipya kikija, kila kitu kinahama kwa pamoja: katuni inahamia nchi mpya yenye viumbe wapya, kadi zinachapwa kwa sura hizo, viwanda vya wanasesere vinabadilisha mifumo. Makubaliano hayo yanasainiwa mapema mno. Ukiwa umeshawaambia kiwanda, kituo cha televisheni na wachapaji kwamba viumbe wapya watazaliwa Novemba, gemu haina tena uwezo wa kusema Machi.

Mama alizaa watoto, watoto wakamlisha mama, na sasa watoto ndio wanaompangia mama saa ya kuamka. Hilo ndilo tatizo. Wavivu hawapo hapa, na watu wa Game Freak hawajasahau kazi yao. Mtu akisema "waajiri watu zaidi" au "waibadilishe injini ya gemu" anazungumzia jiko, wakati mgogoro uko kwenye saa ya ukutani.

Ushahidi kwamba hata wenyewe wanaubeba mzigo huu kwa shida ulitolewa hadharani Juni 2019. Junichi Masuda, mtunzi wa muziki wa gemu za kwanza na mmoja wa wakongwe wa Game Freak, alitangaza kwamba Sword na Shield hazitawapokea Pokémon wote wa zamani. Sababu alizotoa zilikuwa wingi wa viumbe, ubora wa miondoko yao, na ugumu wa kusawazisha nguvu zao. Gemu ilitoka na viumbe 400. Mashabiki walikasirika kiasi kwamba tukio hilo lilipewa jina lake. Mimi nilikasirika pia, na bado nadhani tulikuwa na haki, kwa sababu ambayo asiyecheza hawezi kuijua mpaka aelezwe.

Mtoto aliyemkamata Pokémon kwenye Ruby mwaka 2003 angeweza kumhamisha kwenda Diamond mwaka 2007, kutoka hapo kwenda Black, kutoka Black kwenda kwenye ghala la mtandaoni la Nintendo 3DS, na kutoka hapo kwenda Pokémon HOME iliyofunguliwa Februari 2020. Mashine nne, njia nne tofauti za kuvuka, kila moja ni ya kwenda bila kurudi. Kiumbe anabeba jina alilopewa na aliyemkamata, na rekodi ya kule alikotoka. Mtoto yule sasa ana miaka 30 na kitu, ana kazi na watoto, na kiumbe wake wa darasa la nne bado yupo. Sijui mfululizo mwingine wa gemu uliotunza ahadi ya namna hiyo kwa muda mrefu hivyo. Kumwambia mtu huyu "safari hii wako hana nafasi" si kupunguza takwimu. Na kilichomnyima nafasi ni miezi. Viumbe wengi walioachwa walirudishwa mwaka uliofuata kupitia nyongeza, maana yake ni kwamba iliwezekana. Ila haikuwezekana kufikia Novemba ile.

Sasa niwape nafasi wanaoitetea kalenda, maana wana hoja nzito na si haki kuzipita juujuu.

Hoja yao ya kwanza ni pesa, na imesimama imara. Sword na Shield zimepita nakala milioni 25. Scarlet na Violet, pamoja na vinu vyake vya upepo, zimepita milioni 25 pia. Ruby na Sapphire ziliishia milioni 16 na ushee. Kwa hiyo gemu mbili zilizolaumiwa kuliko zote ni miongoni mwa zilizouza kuliko zote. Mwenye hisa anayesoma namba hizo atauliza kwa nini abadili kitu.

Ya pili inanigusa zaidi. Pokémon ni ya watoto kwanza, na utoto hausubiri. Mwenye miaka tisa leo, gemu ikichelewa miaka sita, atakuwa na kumi na tano. Atakuwa ameshaenda kwingine. Kalenda ya miaka mitatu inahakikisha kila mtoto anakutana na nchi mpya mara mbili au tatu kabla hajabalehe, na kila mara rafiki zake darasani wako palepale alipo. Mtu mzima anayedai "ikae hata miaka saba" anadai kwa niaba yake mwenyewe.

Ya tatu ni kwamba kuchelewa si dawa ya uhakika. Legends: Z-A ilitoka tarehe 16 Oktoba 2025, karibu miaka mitatu tangu Scarlet na Violet, baada ya mwaka 2024 kupita bila gemu kubwa kabisa. Wiki ya kwanza iliuza nakala milioni 5.8. Legends: Arceus, iliyotolewa katikati ya ule msongamano wa 2022, iliuza milioni 6.5 katika wiki yake ya kwanza. Anayetafuta uthibitisho kwamba subira inalipa dukani hataupata hapo.

Nazikubali namba zote hizo. Lakini nataka tuiweke mezani namba nyingine moja. Mei 2023, miezi sita baada ya Scarlet na Violet, Nintendo ilitoa The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom. Nayo iliuza nakala milioni 10 ndani ya siku tatu. Mashine ni ileile, Switch ya mwaka 2017. Uwanda ni mpana, tena una mbingu juu na mapango chini. Zelda ilikaa jikoni miaka sita. Mwaka 2022 ilikuwa imetangazwa kutoka, kisha mtayarishaji wake, Eiji Aonuma, akajitokeza akasema isubiriwe mpaka mwaka unaofuata. Ilipotoka haikuomba radhi mtu. Wahakiki waliipa wastani wa 96 kati ya 100. Scarlet ilipata takriban 72.

Hapo hoja ya "mashine ni dhaifu" inaishia. Ni kweli kwamba Switch 2 ilipoingia Juni 2025, sasisho la bure liliifanya Violet itembee laini, fremu 60 kwa sekunde, na watu wakafurahi. Lakini mashine ya zamani ilishaonyesha inaweza kubeba nini pale anayeibebesha anapopewa muda.

Mwenye hisa atarudi na kusema: kama milioni 10 zinapatikana kwa miaka mitatu na milioni 10 zinapatikana kwa sita, kwa nini nisubiri? Ni swali la haki. Jibu lake liko kwa kampuni nyingine ya gemu, Ubisoft. Assassin's Creed yake ilikuwa ikitoka kila mwaka kama mavuno, na mwaka 2014 ikatoka Unity ikiwa na wahusika wasio na nyuso na watu wanaoanguka ndani ya ardhi. Syndicate ya 2015 ilikuwa gemu nzuri, lakini ililipia deni la ile iliyotangulia. Walioumwa hawakurudi kwa kasi ileile. Ubisoft ikauacha mwaka 2016 upite bila gemu kubwa mpya ya mfululizo huo. Origins ikatoka Oktoba 2017 na mfululizo ukapata maisha mapya. Mnunuzi aliyekerwa anachelewa kuonekana kwenye hesabu. Hukumu yake haiangukii gemu iliyomkera, ambayo ameshailipia, inaiangukia inayofuata.

Na Pokémon haiko tena peke yake njiani. Januari 2024 studio ndogo ya Japani, Pocketpair, ilitoa Palworld, gemu ya kukamata viumbe yenye bunduki na viwanda, na ikauza mamilioni ya nakala ndani ya wiki moja. Septemba mwaka huohuo Nintendo na The Pokémon Company waliipeleka mahakamani Tokyo kwa madai ya hataza. Mahakama itaamua yake. Mimi ninachokiona ni kwamba palikuwa na watu wengi wenye kiu wakitazama huku na huku, na kiu ya namna hiyo haizuki usiku mmoja.

Ndani ya kampuni yenyewe dalili za kufikiri upya zipo. Agosti 2023, Takato Utsunomiya, kiongozi wa ngazi ya juu wa The Pokémon Company, aliwaambia waandishi kwamba mpaka wakati ule wamekuwa wakitoa bidhaa kwa mpangilio usiobadilika, na kwamba mazungumzo yanaongezeka kuhusu namna ya kuendelea hivyo huku ubora ukilindwa. Ni maneno ya upole ya mtu wa ofisini, lakini yalisemwa. Na mwaka uliofuata ukaachwa wazi.

Mwaka huo wa 2024 ndio unaonipa matumaini kuliko ahadi yoyote. Kwa mantiki ya kalenda, Novemba bila gemu kubwa ilipaswa kuwa msiba. Badala yake, tarehe 30 Oktoba ilitoka programu ya kadi ya simu, Pokémon TCG Pocket, iliyotengenezwa na Creatures pamoja na DeNA, na kufikia mapema mwaka 2025 ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 100. Katuni iliendelea; tangu Aprili 2023 Ash, shujaa wake wa zamani, ameshawapisha Liko na Roy, na hadithi yao haikukatika kwa kukosa gemu. Kadi ziligombewa madukani. Watoto walikula, ingawa mama alikuwa amelala.

Kumbe inawezekana. Ninachopendekeza basi si kuivunja kalenda yote, kwa sababu ile hoja ya utoto siwezi kuipuuza. Napendekeza gemu ya kizazi kipya ifunguliwe minyororo: isitangaziwe tarehe mpaka iwe inachezeka mwanzo hadi mwisho, na katuni na kadi za kizazi hicho zianze miezi kadhaa baada yake badala ya kwenda nayo bega kwa bega. Mtoto hatapungukiwa na kitu kama viumbe wapya wataingia kwenye televisheni Aprili badala ya Novemba. Tena atakuwa ameshawajua kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kuwaona kwa macho. Miaka minne au mitano inatosha. Saba ni mingi mno kwa gemu ya watoto.

Katikati pajazwe na kazi ndogo, na hapo ndipo studio nyingine zina nafasi. Lakini nionye. Brilliant Diamond na Shining Pearl zilikabidhiwa kwa studio ya nje, ILCA, na zilitoka zikiwa nakala tiifu mno ya gemu za 2006, zikiacha nje mengi mazuri ambayo Platinum ilikuwa imeyaongeza mwaka 2008. Ukimpa fundi wa nje ramani ya zamani na siku chache, atakujengea nyumba ya zamani. Legends: Arceus ilifanya kinyume chake: Game Freak wenyewe, toleo moja tu bila pacha, dunia ndogo ya kale, sheria za kukamata zilizobuniwa upya. Ilikuwa gemu isiyo na deni kwa mtu, na inaonekana katika kila kona yake. Gemu za kati zinatakiwa ziwe za namna hiyo, mahali pa kujaribu, ili kizazi kikubwa kirithi kilichofanikiwa.

Nyongeza za kulipia nazikubali kuliko toleo la tatu la zamani. Aliyenunua Diamond alilazimika kununua Platinum nzima na kuanza safari upya toka nyumbani kwa mama. Aliyenunua Violet aliongeza dola 35 na akaendelea pale alipo, na viumbe wake walewale. Ni heshima kwa mnunuzi. Ila nyongeza ya Z-A, yenye bei ya dola 30, ilitangazwa na kuanza kuuzwa Septemba 2025, kabla gemu yenyewe haijatoka Oktoba. Hiyo ni kumuuzia mtu kiraka kabla hajavaa shati. Watu walilalamika, na walikuwa na haki.

Bei ni jambo ambalo huku kwetu haliwezi kupitwa haraka. Dola 60 kwa familia ya Dar es Salaam au Mombasa ni fedha ya kufikiriwa kwa miezi. Kaseti ikishaingia nyumbani inakaa. Inapita kwa kaka, kwa dada, kwa binamu anayekuja likizo. Anayenunua gemu kila Novemba anaweza kusamehe moja mbovu kwa sababu nyingine inakuja. Anayenunua moja kwa miaka mitatu alitakiwa apate iliyokamilika siku ya kwanza, tena ndani ya kaseti, si kwenye sasisho linalokula bando. Ninapodai gemu isubiriwe namfikiria zaidi mnunuzi huyu.

Linabaki suala la matoleo pacha. Wengi wanaodai mabadiliko wanataka hili ndilo lirekebishwe kwanza: kwa nini gemu moja iuzwe kwa rangi mbili, wakati mtandao unamwezesha mtu kubadilishana na mgeni wa Osaka kwa sekunde? Shigeru Miyamoto wa Nintendo ndiye aliyemshauri Tajiri atoe matoleo mawili, ili kila moja likose kitu ambacho jirani anacho. Ekans alikuwa Red, Sandshrew alikuwa Blue. Kadabra hakugeuka Alakazam mpaka apite kwenye waya kwenda kwa mtu mwingine. Wanaosema hii leo ni mbinu ya kuuza mara mbili wana ushahidi wao. Nilikuwa upande wao kwa muda mrefu.

Mpwa wangu ana Violet. Shangazi yake aliyeko Muscat alimletea mashine iliyokwisha kutumika, pamoja na kaseti hiyo moja. Mamba wake wa moto, yule anayeanza kama Fuecoco na kukua kuwa Skeledirge, amempa jina Mzee Mamba na hakubali mtu amguse. Mtoto wa jirani yetu, Zulfa, ana Scarlet. Kuna kiumbe kimoja kidogo cha moto, Charcadet, ambaye kwenye Scarlet anavaa deraya na kuwa Armarouge mwenye mizinga mikononi, na kwenye Violet anakuwa Ceruledge mwenye panga mbili za moto wa zambarau. Huwezi kuwapata wote wawili kwa kaseti moja.

Jumamosi moja alasiri walikaa kwenye mkeka barazani, migongo ukutani, mashine mbili zikitazamana. Kubadilishana kwa karibu hakuhitaji intaneti. Mashine zinatafutana zenyewe. Walijadiliana karibu nusu saa. Zulfa alitaka Ceruledge na kitu cha juu yake, kwa sababu Armarouge wake alikuwa ameshafika kiwango cha 50 na yule wa mpwa wangu alikuwa 41. Mpwa wangu aliongeza mpira mmoja adimu wa kukamatia. Zulfa akaukataa, akataka miwili. Nilikuwa nimeshika gazeti nisilolisoma.

"Mjomba," akaniita, "akienda kwake anabaki na jina nililompa mimi?"

"Anabaki nalo. Zulfa hawezi kumbadilisha jina."

Akawaza kidogo, akaingia kumbadilisha jina Ceruledge kabla hajampeleka, akaandika jina lake mwenyewe. Kisha wakabonyeza kwa pamoja.